Siku ya Tatu ya Daktari Siwema

Haikuwa zamani, wala haikuwa kale. Ilikuwa muhula wa kwanza, wiki ya pili, katika nchi ambayo jina lake nimekatazwa kulitaja bila kibali, na ofisi ya kutoa vibali imefungwa kwa ajili ya semina. Basi tuiache bila jina. Wenyewe hawataona tofauti.

Nchi hiyo ilikuwa na chuo kikuu kimoja, na chuo hicho kilikuwa na aibu moja. Miaka kadhaa nyuma aliajiriwa mhadhiri wa historia. Akafika getini na barua yake mkononi, asipokelewe na mtu. Hakuna aliyemwonyesha ofisi, hakuna aliyempa ufunguo, hakuna aliyemwambia choo kiko wapi. Yule bwana hakuwa mtu wa kununa. Akajitafutia mwenyewe: akaona jengo, akaona darasa, akaona watu wamekaa wanasubiri kufundishwa, akaingia akafundisha. Alifundisha miaka mitatu kwa moyo wake wote, na siku alipokwenda kuomba likizo ndipo ilipogundulika kwamba lile jengo lilikuwa chuo cha udereva cha jirani. Mpaka leo madereva wa nchi hiyo wanazijua tarehe zote za wafalme wa kale, ila taa nyekundu bado zinawasumbua.

Serikali iliona haya. Ikaunda Tume ya Kuboresha Mapokezi ya Watumishi Wapya. Tume ikazunguka nchi saba, kwa kuwa mapokezi hayasomwi vitabuni, yanaonjwa. Ikaonja huko kote, ikanenepa, ikarudi na hitimisho moja: dawa ilikuwa nyumbani siku zote. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Nani angepinga? Wahenga hawapingwi, na hata ukitaka kuwapinga huna pa kuwapata. Methali ikageuzwa kanuni. Mtumishi mpya wa chuo ni mgeni siku ya kwanza, ni mgeni siku ya pili, na siku ya tatu atakabidhiwa jembe. Kabla ya jembe hatagusa kazi yoyote, maana kumfanyisha mgeni kazi ni kumdhalilisha mwenyeji. Hayo yalitosha ukurasa mmoja. Kurasa mia nne na kumi na moja zilizofuata zilieleza maana ya neno siku.

*

Daktari Siwema Kisaka hakuwa na habari na hayo yote. Alifika getini asubuhi akiwa na begi la nguo na kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na nusu kilo ya mbegu za mtama, na njia nzima hakumpa mtu alishike.

Mbegu zile ziliachwa na marehemu mwalimu wake, Bibi Nyanjige, aliyezunguka vijiji vya ukame miaka kumi na tisa akichagua suke moja hapa na jingine kule, mpaka akapata mtama unaokomaa kwa mvua ya wiki tano tu. Kisha akafariki, ghala lake likaingiwa na panya, kikasalia kile kikopo. Siwema alizijaribu mbegu kila mwaka. Mwaka juzi, kati ya mia ziliota themanini. Mwaka jana hamsini. Mwaka huu ishirini na tatu. Hakuhitaji udaktari wa kilimo kujua mwaka ujao ungesemaje. Zingepandwa vuli hii, au kazi yote ya Bibi Nyanjige ingekuwa chakula cha kuku.

Ndiyo maana aliomba kazi pale. Chuo kilikuwa na shamba, na kilikuwa na wanafunzi ishirini na sita wa mwaka wa mwisho wa kilimo, waliokwisha kusubiri miaka miwili apatikane mhadhiri wa kusimamia jaribio lao la shambani. Bila jaribio hakuna kuhitimu. Siwema alishapiga hesabu: mwisho wa kupanda ni tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na wiki tano mkononi. Alijiona amewahi sana, maskini.

Mlinzi alisoma barua yake ya ajira mara mbili. Hakufungua geti. Alipuliza filimbi.

Kwanza yalilia matarumbeta. Kisha likaja zulia jekundu, likijikunjua lenyewe kwenye mteremko, na nyuma yake wanaume wanne wamebeba kiti cha mkono. Kabla Siwema hajauliza kiti ni cha nani, alikuwa ameshakalishwa, amevishwa shada la maua na kunyanyuliwa juu juu. Alilikumbatia kopo lake, akaingia chuoni akiyumba.

Pembeni ya kiti alikimbia mwanamke mfupi, mwenye kilemba kikubwa na tabasamu kubwa kuliko kilemba. "Karibu, mgeni wetu! Karibu tena! Mimi ni Bi. Takrima Fumbwe, Mkurugenzi wa Mapokezi. Hujachoka? Kiti hakikuumizi?"

"Sijachoka, mama, asante sana. Naweza kutembea."

"Mgeni atembee na sisi wenyeji tupo? Watu watatuelewaje?"

"Basi naomba tu mnipitishe shambani kwanza. Nione udongo."

Matarumbeta yalinyamaza. Wale wanaume wanne walitazamana. Bi. Takrima alimshika mkono Siwema, akashusha sauti kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba vazi lake limechanika nyuma.

"Daktari, mambo ya udongo hayasemwi mbele za watu. Wewe bado ni mgeni. Jembe lako utapewa siku ya tatu."

*

Alipewa chumba katika Nyumba ya Wageni, nyumba nzuri kuliko maktaba. Asubuhi chapati, mchana pilau, jioni pilau iliyobaki mchana ikiitwa biriani. Akitaka kujimiminia chai, mhudumu anamnyang'anya birika. Akitaka kufungua dirisha, anaambiwa aonyeshe tu kwa kidole. Siku ya tano alikamatwa akitandika kitanda chake, akapewa onyo la mdomo.

"Siku ya tano!" alisema Siwema. "Si nilipaswa kupewa jembe siku ya tatu?"

Aliyemjibu alikuwa mgeni mwenzake, bwana mmoja mnene mwenye uso wa upole, aliyekaa kwenye kochi ambalo lilishachukua umbo lake. Jina lake Mwalimu Fikirini, na aliajiriwa kufundisha hisabati.

"Siku ya tano kwa kalenda ya nani, mwanangu? Hapa siku haianzi kwa jua kuchomoza. Inaanza ikizinduliwa na Waziri, na inaisha ikifungwa rasmi. Wewe bado hujafika hata siku ya kwanza."

"Na wewe uko siku ya ngapi, Mwalimu?"

"Mimi siku ya kwanza nimeshaifanya mara thelathini na nane." Alilisema hilo bila kinyongo, huku akichota pilau. "Siku ni moja kwa wageni wote. Ikifungwa tu, wanaangalia getini. Kama amefika mgeni mpya, wote tunarudi siku ya kwanza, ili asionekane mtu kamtangulia mwenzake. Ni haki kabisa. Nilikuwa siku ya pili ulipokuja wewe."

Siwema aliona aibu. "Una muda gani hapa?"

"Miaka kumi na moja. Wengine wote walichoka, wakaacha kazi. Mwanzoni nilikuwa nikifanya hesabu kichwani, nisisahau. Siku hizi nahesabu zabibu kwenye pilau." Alitazama sahani yake. "Zinapungua."

Usiku ule Siwema hakulala. Alikaa kitandani akilitikisa kopo taratibu sikioni, apate kusikia kama bado zipo.

*

Waziri alikuja wiki ya pili, saa kumi jioni, kuzindua siku ya kwanza. Utepe ulifungwa kati ya nguzo mbili. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mabaraza, mtu mrefu ambaye aliongea kana kwamba kila neno lake linachongwa kwenye jiwe, alimkaribisha Waziri kwa dakika arobaini. Waziri alijibu kwa saa moja na nusu. Alisema vyuo vingine duniani vina maabara, lakini ni kimoja tu chenye wahudumu tisini na sita wa mapokezi. Mwisho akashika mkasi.

"Natamka rasmi kwamba siku ya kwanza imeanza! Na niwaambie ndugu zangu, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo!"

Makofi. Vigelegele. Bi. Takrima aliandika kila neno, na hapo ndipo palipozaliwa tatizo, maana agizo la Waziri ni agizo. Siku tisa nzima hakuna aliyethubutu kuitaja siku ya pili, kwa kuwa kuitaja ni kusema kesho, na kusema kesho ni kumwita Waziri mwongo. Ilibidi iandikwe barua kwenda wizarani kuuliza kama leo ile ilikuwa imekwisha.

Wakati wa kungoja, wageni hawakuachwa wakae bure. Walipelekwa semina elekezi. Kulikuwa na semina ya historia ya mapokezi, semina ya kukaa kitini, na semina ya namna ya kunufaika na semina. Vyeti vilitolewa. Mwalimu Fikirini alikuwa na vyeti mia mbili, vimezibia dirisha lililopasuka.

Ndipo wanafunzi walipokuja kumsalimia mgeni. Walikuja wote ishirini na sita, wakiongozwa na kiongozi wa darasa, Kanisia, msichana mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Bi. Takrima alifurahi mno. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, akawaagizia soda.

Alipotoka tu, Kanisia alisogeza kiti.

"Shikamoo, Mwalimu. Mvua imeshanyesha mara mbili."

"Marahaba. Nimesikia juu ya bati."

"Mwalimu, mimi nasoma kozi ya miaka mitatu, na huu ni mwaka wangu wa tano. Kwetu wananiita Profesa, na wakiniita wanacheka. Tutapanda lini?"

Siwema aliyatazama yale macho, moyo ukamuuma kweli. Akafikiri. Mgeni haruhusiwi kufundisha, lakini hakuna kanuni inayomkataza mgeni kupiga soga. "Hebu niwasimulie habari za jamaa mmoja," alisema. "Anaitwa Mtama. Hapendi kulala amebanwa. Mstari hadi mstari anataka sentimita sitini, na jirani yake akae mbali sentimita ishirini. Ukimfukia zaidi ya vidole viwili, anasusa."

Siku tatu mfululizo walikuja kusalimia, na siku tatu walisimuliwa maisha ya Mtama, adui zake, ndege wanaomwonea, na mjukuu wake aliyelelewa na Bibi Nyanjige. Wanafunzi walicheka, wakauliza, wakashika. Hata Mwalimu Fikirini alijikuta ameacha zabibu, anasikiliza. Siku ya nne Bi. Takrima aliingia na sinia la visheti, akamkuta Kanisia ana kalamu mkononi.

Sinia lilianguka.

"Unaandika?" alisema Bi. Takrima. "Soga haiandikwi! Kinachoandikwa ni somo! Mgeni wangu anafanya kazi ndani ya nyumba yangu, na mimi nipo hai?"

Daftari lilichukuliwa kama kielelezo, na salamu zikapigwa marufuku. Lakini Bi. Takrima mwenyewe hakuondoka. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, machozi yakamtoka.

"Unadhani nakutesa, Daktari. Mimi nilipoajiriwa hapa sikupokelewa na mtu. Siku tatu nililia chooni, na choo chenyewe nilikitafuta siku mbili. Nikaapa, mtu mwingine yasimpate. Sasa nakubeba kwenye kiti, nawe unaniangalia kama mwizi."

Siwema aliona kwamba mama yule alikuwa anasema kweli tupu. Akainuka kumwokotea visheti, na Bi. Takrima akapiga yowe amwache, yeye ni mgeni.

*

Siku ya pili ilizinduliwa tarehe tano, ikafungwa tarehe kumi na mbili. Wakati taarifa ya kuifunga inasainiwa, wageni wote wawili walisimama dirishani wakitazama geti. Mtu mmoja alionekana akija na mzigo begani. Mwalimu Fikirini alifumba macho. Siwema alisoma dua zote alizozijua na nyingine akazitunga palepale. Yule mtu alifika kwa mlinzi, akatua mzigo, akautandaza chini. Alikuwa muuza sufuria. Fikirini, aliyekuwa hajakimbia tangu aajiriwe, alikimbia kulizunguka lile kochi lake mara mbili.

Sherehe ya siku ya tatu ikapangwa tarehe kumi na tatu, siku moja kabla ya mwisho wa kupanda. Jioni ile Bi. Takrima alimchukua Siwema akalione jembe.

Lilikuwa ndani ya kasha la kioo, juu ya kitambaa cha zambarau, limepakwa dhahabu kuanzia bapa hadi mpini. Askari wawili walilinda.

"Mwanzoni lilikuwa jembe la kawaida la sokoni," alieleza Bi. Takrima kwa fahari. "Kamati ikaona halina hadhi. Sasa sikiliza utaratibu. Waziri anakukabidhi. Unalishika, unatabasamu, mpiga picha anapiga. Mshereheshaji anahesabu hadi kumi na moja. Unalirudisha kwenye kasha. Likishaingia tu, siku ya tatu imefungwa rasmi, na wewe ni mtumishi kamili."

"Na kesho yake naingia shambani?"

"Kesho yake tunaangalia getini kwanza. Na juzi tumeajiri mtu wa jiografia, yuko njiani. Usiwe na haraka, Daktari. Haraka haraka haina baraka."

"Chelewa chelewa, mama," alisema Siwema, "utakuta mwana si wako."

Bi. Takrima alitaka kujibu, akakuta methali imemwishia.

*

Tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi, uwanja wa mbele ya jengo la utawala ulijaa. Uwanja huo ulikuwa wa majani laini yaliyomwagiliwa kila siku kwa miaka mingi, na katikati yake palikuwa na kibao: USIKANYAGE. Kwa siku hiyo maalumu kibao kilifunikwa kwa kitambaa. Waziri alikaa jukwaani, Profesa Mabaraza kulia kwake, bendi kushoto, wanafunzi nyuma ya kamba. Mawingu yalikuwa yamebeba maji mazito, yanasubiri hotuba ziishe kama kila mtu.

Hotuba ziliisha saa nane. Waziri alisimama, akalitoa jembe kwenye kasha kwa glavu nyeupe, akamkabidhi Siwema. Kamera zikalia.

"Moja!" alianza mshereheshaji. "Mbili! Tatu!"

Siwema alilipima jembe mkononi. Lilikuwa zito, la uzito mzuri. Mpini wake ulikuwa wa mti mgumu, na chini ya ile dhahabu aliyaona makovu ya nyundo ya mhunzi. Kwapani alibana lile kopo. Aliinamisha macho akaiona ardhi, nyeusi, iliyoshiba maji, miaka yote ikilisha majani ya kutazamwa.

"Saba! Nane!"

Alimtazama Kanisia nyuma ya kamba. Kanisia hakupepesa.

"Tisa! Ku..."

Jembe lilipanda juu, likashuka. Lilizama mpaka shingoni. Donge la kwanza likapinduka, na vipande vya dhahabu vikaruka vikatua kwenye kiatu cha Profesa Mabaraza.

Siwema alipiga la pili, la tatu, la nne, akiwa ameanza mstari. Mshereheshaji alitazama ratiba yake, akaigeuza nyuma. Hakukuwa na kitu. Yeye alikuwa mtu wa kazi yake, na mshereheshaji hakubali kimya. "Na sasa, mabibi na mabwana," alitangaza, "burudani!"

Bendi ikapiga. Waziri, ambaye katika maisha yake yote ya siasa hakuwahi kukubali kuonekana hajui kinachoendelea, akapiga makofi. Jukwaa zima likapiga makofi kwa kumfuata. "Onyesho zuri sana," Waziri alimwambia Profesa. "Lina uhalisia." Profesa alijibu kwamba limegharimu maandalizi ya muda mrefu.

Ndipo kiti kimoja cha wageni kilipoanguka. Mwalimu Fikirini alikuwa amesimama. Kitambi kilitangulia, yeye akafuata, ameshika kijiko cha pilau kama mtu aliyeshika bendera. "Sentimita sitini!" alipaza sauti. "Siwema, mstari wako unapinda! Nipimie hatua, nakuhesabia!" Akapiga magoti kwenye majani akaanza kufukua mashimo kwa kijiko, moja kila baada ya sentimita ishirini, midomo inakwenda, machozi yanakwenda, anahesabu kwa sauti namba kubwa kubwa alizozikosa miaka kumi na moja.

Kamba ilikatika. Wanafunzi ishirini na sita waliingia uwanjani kwa mikono mitupu, kwa rula, kwa vifuniko vya soda. Hakuna aliyeuliza mistari inakwendaje, walishasimuliwa. Siwema alifungua kopo. Alimmiminia kila mmoja kiganjani, kidogo kidogo. "Vidole viwili tu," alisema. "Msimfukie sana." Kanisia alizipokea zake kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akasema, "Asante, Bibi Nyanjige," akapiga magoti.

Mvua ikashuka. Waziri akakimbizwa kwenye gari huku bado anapiga makofi. Bendi ilipiga mpaka ngoma zikalowa. Walimaliza mstari wa mwisho saa kumi na mbili kasoro, kopo likiwa tupu. Siwema aliketi chini kwenye tope, akacheka mpaka akakohoa. Kitu kilichomkaa kifuani tangu Bibi Nyanjige azikwe kilikuwa kimeondoka. Pembeni mwa uwanja, mtu mfupi mwenye kilemba kilicholowa alisimama peke yake muda mrefu, viatu mkononi.

*

Kamati ya Nidhamu ilikaa siku ya sita baada ya kupanda. Siku hiyohiyo, asubuhi, mtama ulichomoza.

"Daktari," alisema Profesa Mabaraza, "umelima."

"Nimelima, Profesa."

"Umelima kama nani?"

Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kama alilima akiwa mgeni, mgeni haadhibiwi. Ni mwiko mkubwa, wahenga wangewalaani. Kama alilima akiwa mtumishi, basi alifanya kazi yake, na katika chuo kile hapakuwahi kutokea kosa la namna hiyo, kwa hiyo halikuwa na adhabu. Walijadili saa tano. Mwanasheria wa chuo akapendekeza iandikwe kwamba aliyelima hajulikani.

"Jembe liko wapi?" aliuliza Bi. Takrima kutoka mwisho wa meza.

"Uwanjani," alisema Siwema. "Linapalilia."

"Basi lirudishwe kwenye kasha leo hii!" aliunguruma Profesa.

Bi. Takrima alifungua Kanuni, ukurasa wa mia nne na tisa. Alisoma taratibu, kidole kwenye mstari. "Kasha litapokea jembe lenye dhahabu, kwa mujibu wa hati ya makabidhiano yenye sahihi ya Makamu Mkuu. Jembe lile sasa halina dhahabu hata chembe. Tukirudisha lisilo na dhahabu, mkaguzi atauliza iko wapi. Na sehemu ya dhahabu, Profesa, ilionekana kwenye kiatu chako. Picha ipo."

Kamati ilikohoa kwa pamoja.

"Kwa hiyo," aliendelea, "jembe haliwezi kurudi. Na lisiporudi, siku ya tatu haijafungwa. Nimeangalia kote. Hakuna mahali panaposema ifungwe vinginevyo." Alifunga kitabu. Alimtazama Siwema kwa uso mkavu wa kiofisi, na Siwema aliona chini ya meza kwamba viatu vya mama yule vina tope bichi la uwanjani.

Uamuzi uliandikwa: siku ya tatu inaendelea. Kwa fahari ya chuo, ikaongezwa kwamba ndiyo siku ya tatu ndefu kuliko zote duniani.

Mtama ulikomaa kwa mvua ya wiki tano, kama alivyosema marehemu. Wakavuna gunia moja na madebe matatu ya mbegu, wakaziweka kwenye ghala lenye paka. Wanafunzi ishirini na sita walihitimu, na Kanisia alipofika kwao akaitwa Profesa tena, ila safari hii aliyecheka alikuwa yeye. Mwalimu Fikirini alihamia darasani na hatoki. Akimaliza kipindi chake anaingia cha mwenzake. Wizara ilikitunuku chuo nishani ya Mapokezi Bora, na Profesa Mabaraza aliipokea kwa hotuba ya dakika arobaini.

Yule mtu wa jiografia, Bwana Sadala, alipotea njia mara nyingi, lakini mwezi wa kumi uliofuata alifika. Alimpa mlinzi barua yake. Filimbi ikalia. Kwa mbali zulia lilianza kujikunjua, na wanaume wanne walionekana wakihangaika na kiti.

Daktari Siwema alikuwa anapalilia mstari wa kwanza, ule wa karibu na geti. Alinyoosha mgongo, akajifuta jasho, akamnyooshea jembe mpini mbele.

"Karibu sana, ndugu yangu. Shika hili."

Bwana Sadala alilitazama, akatazama shati lake jipya. "Lakini dada, mimi ndiyo kwanza naingia. Leo ni siku yangu ya kwanza."

"Hapa kwetu," alisema Siwema, "leo ni siku ya tatu."